Fanksheni ndani ya hifadhidata: Ilifikaje huko, na nani huisoma?

Kitenzi 'kuhifadhi' kina maana mbili ambazo Mswahili huzitumia bila kutatizika. Mama huhifadhi nafaka ghalani, na mtoto wa chuoni huhifadhi sura za Kurani. Nafaka ikishahifadhiwa hukaa pale pale ilipowekwa. Ukiirudia utaikuta ulivyoiacha, labda imepungua kidogo kwa sababu ya panya. Sura haikai hivyo. Huioni popote. Lakini mwite mtoto, umwambie "soma", naye ataanza upya, neno baada ya neno, hadi mwisho.

Nimekitaja kitenzi hiki kwa sababu wataalamu wa kompyuta wana kitu wanachokiita fanksheni iliyohifadhiwa, na wengi wanaokutana nacho mara ya kwanza hukielewa kwa maana ya ghala. Hudhani kuna jibu limewekwa mahali, linangoja kuchukuliwa. La hasha! Kinachohifadhiwa si jibu, bali ni maelekezo ya kulitafuta jibu. Hifadhidata imeyahifadhi kama mtoto wa chuoni: kila inapoitwa, huyatekeleza upya. Aidha, kitu hiki hakikuzaliwa ndani ya hifadhidata. Kilihamia humo, na sababu za kuhama kwake ndizo zinazotuonyesha kinavyofanya kazi, pamoja na kwa nini raia asiyewahi kuandika programu ana haki ya kukielewa.

Tuanze na istilahi. 'Hifadhidata' limeshazoeleka kwetu. Wenzetu wengi wa Tanzania husema 'kanzidata', kutokana na 'kanzi', yaani hazina, neno tulilolipata kutoka kwa Waarabu. Yote mawili yanafaa na sina ugomvi na mtu. 'Fanksheni' ndilo lenye kesi. Sisi wanaisimu tuna 'dhima' na 'uamilifu', lakini dhima ni kazi ambayo neno linafanya katika sentensi. Si kanuni inayopokea kitu kimoja na kutoa kingine. Mwambie kijana anayesomea programu, "Hebu andika dhima," uone atakavyokutazama. Nitalitumia 'fanksheni' jinsi vijana wanavyolitamka, hadi tutakapopata lililo bora.

Neno lenyewe ni la Kilatini. Mwanahisabati Gottfried Leibniz alilitumia katika miswada yake ya mwaka 1673. Mwaka 1734 Leonhard Euler akaleta alama ya f(x), ambayo kila aliyepita sekondari ameiona ubaoni, aipende asiipende. Wazo lake ni jepesi. Tuseme kanuni ni kuzidisha kwa mbili. Ukileta 3 utapewa 6. Leo, kesho na mtondo, ukileta 3 utapewa 6. Kanuni haina hasira wala upendeleo, na haiulizi wewe ni nani. Shikeni wazo hilo, kwa maana baadaye tutaona linavyoweza kuvunjwa kimyakimya.

Kutoka ubaoni hadi ndani ya mashine kulikuwa na safari ya zaidi ya karne mbili. Tarehe 6 Mei 1949, katika Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, kompyuta iliyoitwa EDSAC ilitekeleza programu yake ya kwanza. Iliongozwa na Maurice Wilkes, na maelekezo yake yaliandikwa kwa kutoboa matundu kwenye utepe wa karatasi. Punde si punde watumiaji waligundua kwamba walikuwa wakitoboa matundu yale yale kila siku: huyu anahitaji kipeo cha pili, yule naye anakihitaji, kila mmoja anaandika upya na kila mmoja anakosea kivyake.

Mmoja wao, David Wheeler, aliyekuwa mwanafunzi wa utafiti, alibuni njia ya kuliandika pande la maelekezo mara moja tu, kisha programu yoyote iweze kuruka hadi hapo, ifanyiwe kazi na kurudi. Kwenda hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kurudi: pande lile litajuaje limeitwa kutoka wapi? Wheeler aliipatia mashine njia ya kuacha alama ya ilikotoka kabla ya kuruka. Tepe za mapande hayo zilikusanywa kabatini kama vitabu vya maktaba, na mwaka 1951 Wilkes, Wheeler na Stanley Gill wakatoa kitabu cha kuieleza kazi hiyo. Vijana wetu wanaposema 'kuita fanksheni', wanaufuata utaratibu huo huo: nenda, fanya, rudi na jibu pale ulipotoka.

Zingatia kwamba hadi hapo fanksheni iliishi katika programu. Data ilikuwa na makao yake tofauti, na katika miaka ya 1960 makao hayo yalikuwa ya kutatanisha. Rekodi zilifungamanishwa kama mizizi ya mkoko, na programu ililazimika kuijua njia: pita hapa, pinda kule, shuka hadi pale. Njia ikibadilishwa, programu inapotea. Mnamo Juni 1970, Edgar Codd, Mwingereza aliyewahi kuwa rubani wa kijeshi katika Vita vya Pili vya Dunia na ambaye sasa alifanya kazi katika kampuni ya IBM kule San Jose, Marekani, alichapisha makala iliyobadilisha mambo. Alipendekeza data yote ipangwe katika majedwali ya kawaida, safu kwa safu, kisha mtu aseme anachokitaka bila kueleza njia ya kukifikia.

Ili kusema unachokitaka, unahitaji lugha. Mwaka 1974 wenzake Codd katika IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, waliitoa lugha ya SEQUEL, ambayo baadaye ilifupishwa kuwa SQL kwa kuwa jina la kwanza lilikuwa limeshasajiliwa na kampuni ya ndege ya Uingereza. Kwa mpenzi wa lugha, SQL ni kiumbe cha ajabu. Sentensi zake karibu zote ni za kuamuru: nipe majina ya wakulima wote walioleta zaidi ya lita 20 jana. Ila ilikuwa na upungufu. Ilijua kuagiza, haikujua kusimulia. Haikuwa na namna ya kusema "kwanza fanya hiki, kisha ukiona vile fanya kile, rudia hadi wakulima waishe." Masimulizi hayo yalibaki nje, katika programu zilizoandikwa kwa lugha nyingine.

Mgawanyo huo ulianza kuuma katika miaka ya 1980, kompyuta ndogo zilipowekwa mezani na kuunganishwa kwa nyaya na mashine kubwa inayotunza data. Chukua mfano wa ushirika wa maziwa. Programu iko mezani kwa karani, hifadhidata iko chumba kingine au mji mwingine. Ili kumlipa mkulima mmoja, programu inauliza: ameleta lita ngapi? Jibu linarudi. Bei ni ngapi? Jibu linarudi. Makato? Jibu linarudi. Kisha inatuma malipo yakaandikwe. Hizo ni safari nne. Wakulima wakiwa 1,000, ni safari 4,000. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani akalete chumvi, arudi, umtume sukari, arudi, umtume majani, ilhali ungeliandika yote kwenye kikaratasi kimoja ukampa.

La pili lilikuwa zito zaidi. Ushirika una programu moja ofisini na nyingine kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Kila moja imeandikiwa kanuni yake ya malipo. Kanuni ikibadilika, moja inarekebishwa na nyingine inasahaulika. Mkulima mmoja, maziwa yale yale, hesabu mbili. Hapo ndipo watu walipojiuliza: kwa nini kanuni isihamie kule kule data iliko, iandikwe mara moja, na kila mlango uitumie hiyo hiyo?

Miongoni mwa waliolijibu swali hilo mapema ni kampuni ya Sybase, iliyoanzishwa mwaka 1984 huko Berkeley, California. Hifadhidata yake iliyoingia sokoni mwaka 1987 ilikubali kutunza maelekezo ndani yake. Kampuni ya Oracle nayo iliruhusu jambo hilo katika toleo lake la 7 la mwaka 1992, kwa lugha ya PL/SQL. Lugha hiyo iliazima mengi kutoka kwa lugha ya Ada, iliyotengenezwa kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani na kupewa jina la Ada Lovelace, Mwingereza aliyechapisha mwaka 1843 maelezo ya jinsi mashine ya Charles Babbage ingeweza kupewa maelekezo ya kukokotoa. Wakati huo, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Michael Stonebraker alikuwa ameanzisha mradi wa Postgres mwaka 1986, akitaka hifadhidata inayoweza kufunzwa mambo mapya na mtumiaji wake, fanksheni zikiwemo. Mradi huo ndio uliokuja kuitwa PostgreSQL mwaka 1996, na mwaka 1998 ukapata lugha ya PL/pgSQL, iliyoandikwa na Jan Wieck kwa kuifuata PL/SQL. Ni programu ya bure, hata mwanafunzi anaweza kuiweka kwenye kipakatalishi chake, kwa hiyo niruhusuni niitumie kueleza kinachotendeka.

Fanksheni ina sehemu nne: jina, vitu inavyopokea, mwili wenye maelekezo, na aina ya jibu inalorudisha. Tuiite yetu malipo_ya_mwezi. Inapokea namba ya mkulima na mwezi, inarudisha shilingi. Siku unapoiandika, hifadhidata haifanyi hesabu yoyote. Inayachukua maneno yako na kuyaweka katika jedwali mojawapo la kwake, linaloitwa pg_proc, yakiwa safu moja kati ya safu nyingi. Kwa hivyo, kanuni inayotawala data inatunzwa kama data. Kabla ya kuyaweka, hukagua sarufi tu. Haikagui kama majedwali uliyoyataja yapo. Andika 'Bahari ya Nakuru imechafuka' na sarufi yako ni safi kabisa, ila Nakuru ina ziwa, haina bahari. Ndivyo fanksheni iliyotaja jedwali lisilokuwepo inavyoweza kupokelewa bila neno, ikae miezi, kisha igome siku ya kwanza itakapoitwa.

Ikiitwa kwa mara ya kwanza tangu mtumiaji ajiunge na hifadhidata, maneno yale husomwa na kuchanganuliwa yakawa mti. Walimu wa Kiswahili, furahini! Ni jambo lile lile tunalowafanyisha wanafunzi wa sekondari tunapowaambia wachanganue sentensi kwa kielelezo cha matawi. Mti huo hubaki kwenye kumbukumbu muda wote mtumiaji yule angali ameunganishwa, ili wito wa pili na wa tatu usirudie uchanganuzi. Kisha namba ya mkulima na mwezi huingia kwenye nafasi zao, maelekezo hutekelezwa moja baada ya jingine, na yakifika kwenye amri ya kurudisha, jibu hutoka. Vitu vya muda vilivyotumika katikati hupotea. Aliyeita haoni jikoni. Anaona sahani tu.

Kuna mambo matatu zaidi ambayo asiyeyajua hajaielewa fanksheni.

La kwanza ni tofauti kati ya fanksheni na ndugu yake anayeitwa utaratibu uliohifadhiwa. Ukimwambia mtoto, "Nenda sokoni uniulizie bei ya nyanya," unataka jibu. Ukimwambia, "Nenda ukanunue nyanya," unataka kitendo kikamilike. Fanksheni imeundwa ili kujibu, utaratibu umeundwa ili kutenda. PostgreSQL ilikaa na fanksheni peke yake, ikizifanyisha kazi zote mbili, hadi toleo la 11 la mwaka 2018 lilipoleta taratibu.

La pili ni ahadi. Mwandishi wa fanksheni huruhusiwa kutangaza tabia yake: kwamba jibu halibadiliki kamwe kwa pembejeo zile zile, au halibadiliki mradi ombi moja linaendelea, au linaweza kubadilika wakati wowote. Akinyamaza, huchukuliwa kuwa ni hili la mwisho. Hifadhidata huiamini ahadi hiyo wala haiichunguzi. Mwandishi akitangaza kuwa jibu halibadiliki kamwe, ilhali fanksheni yake inachungulia jedwali la bei ambalo hubadilika kila mwezi, hifadhidata inaweza kuliweka jibu la zamani na kulitoa kama jipya. Hivyo ndivyo wazo la Euler linavyovunjwa: unaleta 3, unapewa 6 ya mwaka jana.

La tatu ni idhini. Kwa kawaida fanksheni hufanya kazi kwa mamlaka ya aliyeiita. Lakini inaweza kuandikwa ifanye kazi kwa mamlaka ya mwenyewe. Hapo karani anaweza kuzuiwa asiguse jedwali la malipo hata kidogo, ila akaruhusiwa kuiita malipo_ya_mwezi. Ni kama duka lenye wavu. Huingii ndani kujipimia sukari. Unaagiza, unapewa kupitia tundu.

Msidhani historia iliishia kwenye ushindi. Kila kampuni ilikuwa imeunda lahaja yake. Viwango vya pamoja vya maelekezo haya vilitolewa mwaka 1996, lahaja zikiwa zimeshaota mizizi, na hadi leo fanksheni iliyoandikwa kwa lahaja ya Oracle haihami kirahisi kwenda kwingine. Kwetu sisi, mkutano wa Mombasa wa 1928 uliiteua Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Waamu na Wamvita wakaendelea kutunga kwa lahaja zao. Mashine hazina ukarimu huo wa kuelewana nusunusu. Fauka ya hayo, fanksheni iliyo ndani ya hifadhidata ni ngumu kuikagua na kufuatilia mabadiliko yake ikilinganishwa na programu iliyo kwenye faili. Ndiyo maana waandishi wengi wa programu waliirudisha kanuni nje. Mgala muue na haki umpe: wanaohamisha kanuni nje wanarudia kukabiliwa na lile tatizo la milango miwili yenye hesabu mbili. Mvutano huo haujaisha.

Sasa, haya yanamhusu nini asiye fundi wa kompyuta? Niliwahi kumsindikiza mjomba wangu katika ofisi ya ushirika mmoja wa maziwa. Malipo yake yalikuwa yamepungua na alitaka kujua kwa nini. Msichana wa kaunta akabonyeza, akatazama, akasema kwa upole, "Ni sistimu, mzee." Mjomba akamuuliza, "Sistimu ni mtoto wa nani?" Watu wakacheka foleni nzima. Lakini swali lilikuwa la haki. Yule msichana hakuwa anadanganya. Alikuwa na ruhusa ya kuita, hakuwa na ruhusa ya kusoma. Baada ya wiki kadhaa za nenda-rudi, aliyeiandika kanuni aliifungua, ikabainika kwamba makato ya usafiri yalikuwa yakikatwa hata kwa wanaojipelekea maziwa kwa baiskeli. Alirekebisha mstari mmoja. Tangu saa ile, kila mkulima, kila mlango, akapata hesabu sahihi.

Tazama pande zote mbili za jambo hilo. Kwa kuwa kanuni iliandikwa mara moja mahali pamoja, kosa moja liliwaumiza wengi bila kelele. Na kwa sababu hiyo hiyo, marekebisho ya mstari mmoja yaliwaponya wote. Nguvu ya fanksheni na hatari yake ni kitu kimoja. Kilichoamua upande gani utawale ni kuwepo kwa mtu aliyekataa kuichukulia kama mvua, kitu kinachonyesha bila mwenyewe.

Sheria iko upande wa anayeuliza. Kifungu cha 47 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi mtu ambaye haki yake imeathiriwa na hatua ya kiutawala. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inamkinga mtu dhidi ya kufungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mtambo peke yake, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Nacho Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Ukiziunganisha hizo tatu unapata dai ambalo sijasikia likitolewa vya kutosha: sababu ya hesabu inapaswa kuelezeka kwa Kiswahili. Haki ya kupewa sababu haina faida kubwa ikiwa sababu yenyewe inakaa katika lugha ambayo anayedai hawezi kuuliza swali ndani yake.

Wapo wanaosema mambo haya hayaelezeki kwa Kiswahili. Nimeyaeleza hapa, na maneno niliyoazima ni machache kuliko yale Waingereza waliyoyaazima kwa Kilatini. Kwa hiyo, mtu akikuambia kompyuta ndivyo inavyosema, usikasirike wala usirudi nyumbani. Muulize kwa utulivu: Inapokea nini kunihusu? Inafanya nini nacho? Inarudisha nini? Nani aliiandika, kwa idhini ya nani, na ilibadilishwa lini mara ya mwisho? Asipojua, akuonyeshe mlango wa anayejua. Yupo, kwa sababu hakuna fanksheni iliyojiandika.